Mara ya Kumi na Saba

Ukitaka kutumia mtandao kwenye steshenari ya Margareta, pale Gongo la Mboto, jiandae kusaini. Hupewi waya hivi hivi. Unaandika jina lako kwenye daftari gumu lililoandikwa KITABU CHA WAYA, unaandika namba ya kompyuta uliyokalia na saa uliyoupokea. Ukimaliza unauchomoa mwenyewe, unaurudisha kaunta, na Margareta anapiga tiki kwa kalamu nyekundu. Wapo walionuna. Mwalimu mmoja aliwahi kusema hata benki hawamsumbui hivyo.

"Huko benki wana nyaya ngapi, mwalimu?" Margareta alimuuliza, akamsogezea kitabu.

Yeye alikuwa nazo mbili. Kompyuta zilikuwa tano, lakini mtandao wenyewe ulikuwa mwembamba. Wakiingia watano kwa mpigo, hakuna fomu ya mtu inayokwenda. Basi watu walichapa barua na wasifu wao bila mtandao, na ikifika wakati wa kutuma ndipo mtu anaomba waya. Kwa nini asiwe anawafungulia na kuwafungia kwa kubofya tu? Kwa sababu anawajua watu. Mtu anakwambia anatuma maombi ya kazi, kumbe anaangalia magoli ya jana. Waya ukiwa mkononi, kila mtu anauona.

Kitabu hicho hakikuzaliwa Gongo la Mboto. Margareta alikuwa karani wa masijala miaka kumi na minne, kwenye kampuni moja kule Kinondoni, chumba cha mwisho kwenye korido, majalada kutoka sakafuni hadi darini. Humo sheria ilikuwa moja: jalada haliondoki bila saini, na lililoondoka lazima lirudi. Mkurugenzi mwenyewe alisaini. Mtu akikaa na jalada siku nne, Margareta alimfuata mezani na kusimama hapo kimya mpaka alitoe. Halafu siku moja zikaja kompyuta, na wiki iliyofuata ikaja barua: kwa kuwa kampuni imehamia kwenye mfumo wa kompyuta, huduma yake haitahitajika tena. Mistari mitatu, miaka kumi na minne. Akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaandika 1 kwa wino mwekundu kwenye pembe ya juu, akaiweka kwenye jalada lenye jina lake, akaondoka nalo kwapani. Ndilo jalada pekee alilowahi kuondoka nalo bila kusaini.

Kompyuta alizonazo alizileta mdogo wake, Fransis, mchonga vinyago anayekaa Ukonga. Chuo kimoja kilikuwa kinafungwa, akazichukua zote tano kwa bei ya kutupa, wakakubaliana duka ni la wote wawili. Zilikuja na mfumo endeshi wa bure, ule ambao maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote mwenye hamu ya kuyasoma. Fransis hakujua hilo wala halikumhusu. Margareta naye asingelijua, kama si mteja mmoja aliyeagiza achapiwe kitabu cha kurasa mia tatu na arobaini kinachofundisha kuandika programu, akaaga kwamba anakwenda kula mara moja, na mpaka leo hajarudi. Huyo mtu sijui alikula nini. Wino ulishakwenda, karatasi zilishakwenda. Margareta akaanza kukisoma kwa hasira, akakimaliza kwa mapenzi. Mwaka wa pili alikirudia na kamusi pembeni. Mwaka wa tatu alikuwa akisubiri wateja huku anasoma matumbo ya mfumo wake mwenyewe, kama wengine wanavyosoma gazeti.

Wala hakuna aliyejua. Hija, jirani yake anayekaanga chapati mlango wa pili, alidhani anasoma Biblia ya Kiingereza.

Sasa tatizo. Kompyuta zilikuwa hazizimwi usiku, na kila baada ya siku mbili tatu mojawapo ilikuwa inaukataa waya. Unauchomeka, kitaa kidogo cha nyuma hakiwaki, mtandao hakuna. Dawa yake ni kuizima kabisa na kuiwasha upya, na kama mteja alikuwa katikati ya fomu, imekula kwake. Walikuja mafundi watatu. Wa kwanza alisema ni vumbi, akapuliza. Wa pili alisema ni umeme mdogo. Wa tatu alisema ni virusi, na huyo ndiye aliyejidai zaidi. Hija, ambaye ni Mmakua wa Masasi na kwa hiyo ni mtani halali wa kila Mmakonde, Margareta na nduguye wakiwemo, alikuwa na maelezo yake.

"Mmezichanja chale hizo, kama bibi zenu. Ndo maana zinanuna."

"Wewe kaanga chapati zako mbichi," Margareta alimjibu, lakini hakucheka sana.

Jumatano moja ikazidi. Dada mmoja, Avelina, alikuwa anajaza maombi ya kusomea uuguzi. Alishapoteza fomu mara mbili wiki ile. Mara hii alifika ukurasa wa mwisho, akapokea waya, akauchomeka kwenye kompyuta Namba Tatu. Kitaa hakikuwaka. Avelina aliweka kichwa juu ya meza akalia, mtu mzima na pochi yake mapajani, na watu wote dukani wakatazama pembeni. Margareta aliona aibu mpaka masikio yakamchemka.

Habari za kilio husafiri. Jioni Fransis alifika na jibu mfukoni.

"Dada, watu wanakulilia dukani. Hii ni aibu yetu wote. Kuna braza mmoja wa Kinondoni, Benson, ananunuaga kompyuta za zamani anazipasua vipuri. Anakuja Jumamosi saa nne na kirikuu chake cha mizigo, anabeba zote."

"Na mie nibaki na nini? Mashine ya fotokopi?"

"Utabaki na jina zuri."

"Fransis, mara moja nilishaambiwa nipishe kompyuta. Leo unataka kompyuta zinipishe mie. Nipe mpaka Jumamosi."

Fransis alimtazama. Si mtu mbaya, ni mtu wa nyundo na patasi. Kitu kikipasuka anatafuta gogo jingine. Akasema, "Ukinionyesha kwa macho yangu zimepona kabla Benson hajapakia, nitamrudisha mwenyewe. Zisipopona, usinilaumu."

Alhamisi asubuhi duka halikuwa na watu wengi. Margareta alichukua Kitabu cha Waya, akakaa nacho. Kila kompyuta ilipogoma alikuwa ameandika IMEGOMA kwenye mstari wake, kwa sababu kwenye masijala hata panya akila karatasi, panya anaandikwa. Mpaka siku ile alikuwa akitafuta jibu kwenye siku: je, ni Jumatatu? Ni mchana wa jua kali? Safari hii aliacha siku, akahesabu tiki.

Alianza na Namba Tatu, kutoka ilipowashwa upya mpaka ilipogoma. Tiki kumi na sita. Akarudi nyuma, mara iliyotangulia. Kumi na sita. Akahamia Namba Moja, ambayo kila mtu anaipenda kwa sababu iko chini ya feni. Kumi na sita. Akaenda Namba Tano, ile ya mlangoni inayopigwa na jua, inayokaliwa na aliyekosa pengine, iliyokuwa imegoma mara moja tu kwa wiki mbili. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, polepole, tiki kwa tiki. Kumi na sita!

"Hija!" Alitoka nje bila viatu. "Hija, kumi na sita!"

"Chapati kumi na sita? Una wageni?"

"Waya! Ni kumi na sita kila mara! Kila kompyuta! Ya kumi na saba inakataa!"

Hija alimtazama, mikono ina unga mpaka viwikoni. "Mie sijaelewa hata kidogo," alisema, "lakini nimefurahi." Akamkatia kipande cha chapati ya moto, wakasimama pale wanakula, Margareta anacheka peke yake.

Maana vumbi halijui kuhesabu. Umeme mdogo hauhesabu. Kitu kinachosimama kwenye kumi na sita bila kukosea kimeandikwa na mtu, na kilichoandikwa na mtu, Margareta anaweza kukisoma.

Ijumaa alikitafuta. Katika mfumo ule mkubwa kuna sehemu ndogo inayozungumza na kadi ya mtandao, pale waya unapoingia. Maandishi ya kurasa ishirini hivi. Aliyachapa yote kwenye karatasi, kwa sababu yeye macho yake ni ya karatasi. Ukurasa wa pili tu, hii hapa: orodha yenye nafasi kumi na sita. Alipigia mstari mwekundu. Kisha akaanza kusoma kama anayekagua masijala ya mtu mwingine, na ukaguzi wa masijala ya mtu mwingine, niwaambieni ukweli, ulikuwa moja ya starehe zake kubwa duniani.

Waya ukichomekwa, mfumo unachukua nafasi moja kwenye orodha na kuiandika kwamba ina mtu. Vizuri, jalada limetoka. Je, linarudi wapi? Aliuona mstari wa kurudisha, ukurasa wa kumi na moja: mtumiaji akiufunga mtandao kwa kubofya, kistaarabu, nafasi inaachiwa. Na mtu akiuchomoa waya tu, kama wanavyofanya wote hapa dukani? Alifuata kwa kidole. Mfumo unaona waya umetoka, unazima kitaa, unajiondokea. Nafasi inabaki imeandikwa ina mtu. Kesho nyingine, kesho nyingine, mpaka zote kumi na sita zina watu ambao hawapo.

"Wametoa majalada hawajarudisha!" Margareta alipiga meza. Kijana aliyekuwa anachapa barua ya posa akafuta mstari mzima kwa mshtuko. "Miaka yote hii! Hawajarudisha hata moja!"

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Mstari mmoja tu, kuuambia mfumo kwamba hata waya ukichomolewa kwa nguvu, rudisha nafasi kwanza ndipo uondoke. Aliuandika kwenye Namba Tatu, akausoma mara saba, akaiamuru kompyuta iijenge upya ile sehemu. Ilichukua muda wa kunywa chai mbili. Ilipomaliza, akaizima ili aiwashe ajaribu, na hapohapo, saa kumi na moja jioni, umeme ukakatika mtaa mzima.

Alisubiri mpaka akachoka. Haukurudi. Akafunga duka akaenda kulala na furaha na hofu, vyote viwili kitanda kimoja.

Jumamosi umeme ulikuwepo, na Benson naye alikuwepo. Saa tatu na nusu! Watu huchelewa kila siku. Siku unayotaka wachelewe, wanawahi. Margareta alifika akakuta Fransis ameshafungua kwa funguo zake, na wapakiaji wawili wameshachomoa kompyuta zote na kuzipanga barazani, maboksi matano meusi yanayofanana kama mapacha, vioo bado viko mezani. Wateja walikuwa wamesimama wanatazama, wameshika karatasi zao. Avelina alikuwa miongoni mwao.

"Shusheni hilo!" Margareta alisema. "Fransis, ulisema kwa macho yako. Haya, leta macho."

Alibeba boksi lililokuwa la tatu kutoka mlangoni, akalirudisha mezani, akaliwasha. Akampa waya Benson mwenyewe, mtu mnene mwenye subira ya mfanyabiashara. "Braza, wewe huna sababu ya kunipendelea. Chomeka, chomoa. Kitaa kikiwaka, tunahesabu."

Benson akacheka, akachomeka. Moja. Akachomoa, akachomeka. Mbili. Kufika kumi watu walikuwa wameingia wote ndani, na Hija mlangoni na kijiko chake cha chapati. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Benson akachomoa, akachomeka.

Giza. Kitaa hakikuwaka.

Hakuna aliyecheka. Fransis aliinamisha kichwa, akamgusa dada yake begani, akasema kwa upole ulioumiza kuliko matusi, "Umejitahidi, dada." Mpakiaji mmoja akanyoosha mikono kulichukua boksi.

Margareta alikuwa anatazama meza. Kwenye kona ya meza palibandikwa karatasi, mwandiko wake mwenyewe: NAMBA 3. Akatazama boksi. Halikuwa na kitu. Akatazama maboksi manne barazani. Hayakuwa na kitu. Basi akashika kichwa, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe.

"Miaka kumi na minne!" alisema. "Miaka kumi na minne masijala, halafu naweka namba kwenye rafu badala ya jalada! Namba ziko mezani, Fransis! Nyie mmezichanganya barazani. Hii siyo Tatu!"

"Dada..."

"Leteni nyingine!"

Benson aliangalia saa yake, akaangalia watu, akaona hapa hapana mtu wa kuondoka. Akawaambia wapakiaji wake wailete. Waliwasha ya pili; Margareta akatazama tarehe iliyojengwa ile sehemu ndogo: ya zamani. Wakaleta ya tatu. Akainama karibu na kioo. Ijumaa. Saa kumi na dakika hamsini na mbili.

"Ndiyo hii," alisema. Kabla ya kitu kingine akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika 3 kubwa ubavuni mwa boksi. Kisha akampa Benson waya.

Safari hii duka zima lilihesabu. Moja! Mbili! Kijana wa barua ya posa alihesabu. Mwalimu yule wa maneno ya benki alihesabu. Hija alipiga kijiko kwenye fremu ya mlango kwa kila namba. Kumi! Kumi na moja! Benson jasho linamtoka, chomeka, chomoa. Kumi na nne! Kumi na tano! Fransis, aliyekuwa amekunja mikono, akaikunjua. Kumi na sita!

Benson alichomoa waya. Akaushika hewani kidogo; nadhani naye alishaonja utamu wake. Akachomeka.

Kitaa kiliwaka.

"KUMI NA SABA!" Kelele ile waliisikia mpaka kituoni. Hija alipiga vigelegele, watu wakagongeana viganja, mwalimu akamkumbatia mtu asiyemjua. Na Benson hakuacha. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, thelathini, mpaka hamsini, na kila mara kitaa kikawaka kijani. Margareta alikuwa analia wazi wazi, hajifichi, anafuta machozi kwa mkono wenye wino.

Fransis hakutoa hotuba. Alitoka barazani, akabeba boksi la kwanza, akalirudisha ndani. Akarudi akabeba la pili. "Niandike namba wapi?" aliuliza.

"Ubavuni," dada yake alisema. "Kubwa."

Benson alilalamika kidogo kuhusu mafuta ya gari, akaliwazwa na chapati nne. Alipoondoka, mtu wa kwanza kusaini Kitabu cha Waya alikuwa Avelina. Namba Tatu, saa tano kasoro kumi. Dakika chache baadaye akaurudisha waya kaunta kwa mikono miwili. "Imekwenda," alisema. "Fomu yangu imekwenda."

Mchana ule Margareta aliwaandikia watunzaji wa mfumo, watu wa mbali asiowajua, kwa Kiingereza chake cha kamusi, akaambatanisha mstari wake mmoja. Jumanne likaja jibu. Mtunzaji wa sehemu ile aliuliza kwa adabu: sehemu hii ina umri wa miaka kumi na mbili na hakuna aliyewahi kulalamika, ni mtu gani anayechomoa waya mara kumi na sita bila kuzima kompyuta?

Margareta aliupiga picha ukurasa wa Kitabu cha Waya, na majina yote na tiki zake, akautuma na sentensi mbili: Tuna kompyuta tano na nyaya mbili. Hapa kwetu waya unazunguka.

Jibu la pili lilikuja siku ileile. Mstari umekubaliwa. Utaingia kwenye mfumo, kwa kila anayeutumia, popote alipo. Tafadhali tuandikie jina lako kamili, kwa sababu jina hukaa pamoja na rekebisho siku zote.

Aliandika jina lake kamili, akalisoma herufi kwa herufi, akatuma. Kisha akachapa barua ile, akaenda chini ya kaunta, akatoa jalada la zamani lililopauka, akalifuta vumbi.

"Hilo la nini?" Hija aliuliza kutoka mlangoni.

"La mtu mmoja ambaye huduma yake ilikuwa haihitajiki tena."

Akaigonga barua mpya muhuri wa kupokelewa. Kwenye pembe ya juu akaandika 2, kwa wino mwekundu. Masijala ina kanuni zake: karatasi mpya hukaa juu ya ile ya zamani, na atakayelifungua jalada lile atakutana na namba mbili kwanza. Akafunga, akalirudisha mahali pake, akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri.

"Waya?" alisema. "Saini hapa."